Vyumba vya Juu kwa Papa Édouard

Msimu mzima wa kupanda maharagwe Emérita alibishana na baba yake juu ya Straton, na mwishowe mzee alilegea, ingawa si kabisa. Mzee Ndayambaje alikuwa mkulima wa Nyabiondo, mtu wa sauti ndogo na shingo ngumu. Aliikubali posa, akamwacha padri asome matangazo ya ndoa misani, halafu akaweka sharti.

"Straton ni kijana wa adabu, siwezi kukataa," alisema. "Lakini hana shamba, hana nyumba. Anaendesha lori ya muntu mwingine, na sasa anataka kupeleka mutoto wangu kule Walikale, mu pori, alale mu chumba cha kupanga kwa muntu hatumujue. Dada yangu Verdiane ataenda naye. Atatazama nyumba, na atamutazama vizuri mwenye nyumba. Akisema ni pazuri, nitanyamaza. Akisema ni pabaya, ndoa haiko."

Emérita hakuogopa. Alimfahamu Straton tangu siku lori lilipokwama kwenye tope chini ya shamba lao, naye akateremka na jembe kwenda kusaidia. Wakati ule Straton alikuwa bado msaidizi wa dereva. Tope lilimjaa hadi kwenye nyusi, na alipoinua macho akamwona msichana amesimama juu ya ukingo, alisahau gogo alilolishika, likamwangukia mguuni. Hakupiga kelele. Aliendelea kumtazama tu, huku dereva wake akimtukana. Emérita alicheka siku hiyo, na usiku wake hakupata usingizi. Baadaye Straton akapewa usukani wa lori lenyewe, na hapo ndipo alipothubutu kuja kuposa.

Basi walisafiri, mwaka huo wa 1955, katika lori lilelile, wanawake wawili mbele karibu na dereva, magunia ya maharagwe nyuma. Barabara iliteremka kutoka milima ya baridi ikaingia msituni, hewa ikawa nzito kama ya jikoni. Shangazi Verdiane alikaa katikati na mkoba wake juu ya magoti. Alikuwa mjane mwenye maneno mengi, na njia nzima alimweleza Straton makosa ya madereva. Straton aliitika tu, "Ndiyo, mama. Ni kweli, mama." Lakini mara kwa mara macho yake yalimtafuta Emérita kwenye kioo kidogo cha mbele, na kila yalipompata, msichana aligeukia dirishani ili shangazi asione anavyotabasamu.

Nyumba waliyoiendea haikuhitaji kuulizwa. Ilikuwa nyumba pekee ya etaji, ya ghorofa, mtaani, ya matofali mekundu, vyumba vya wapangaji chini vikizunguka ua, lupango kama wenyeji walivyouita, ngazi ya mbao pembeni, na juu baraza refu lenye milango mitatu. Mwenye nyumba aliwasubiri chini ya ngazi. Papa Édouard alikuwa mfanyabiashara wa makamo, mrefu, shati limepigwa pasi, harufu ya sabuni ikimtangulia. Lori lilikuwa lake. Mke wake alikaa Sake akisimamia duka, naye alibaki Walikale na nyumba yake na wapangaji wake.

"Karibuni, bamama," alisema, akampokea Verdiane mkoba kwa mikono miwili. "Straton ni mutoto wangu. Na bibi yake atakuwa mutoto wangu."

Verdiane hakumpa tabasamu hata kidogo. Alikuwa amekuja kutafuta makosa, na aliyatafuta kweli. Aligonga kuta kwa kifundo cha kidole. Alizunguka nyuma kuangalia maji ya mvua yanapoteremkia. Aliingia chooni, akakaa humo muda wa kutosha, akatoka kimya. Ndani ya kila chumba alichofunguliwa alisimama katikati akainua kichwa, akitafuta mwanga unaopenya kwenye manjanja, yale mabati ya paa. Hakuona tundu hata moja.

"Na hizi ngazi? Mwanamuke akiwa na mimba, atapanda namna gani?"

"Nitatia ubao wa kushikilia, mama."

"Jiko?"

"Iko pale chini ku lupango, ya batu bote. Lakini bibi ya Straton, kama anataka, nitamujengea yake."

Emérita aliona shangazi yake akianza kushindwa, na moyo wake ukacheza. Alipanda ngazi wa mwisho. Vyumba vyao vilikuwa viwili vilivyoungana, na mlango wa tatu barazani ulikuwa wa Papa Édouard mwenyewe. Dirisha lilitazama mitende na mbele zaidi msitu wenye ukungu. Alisimama pale akaanza kupanga mambo ambayo msichana hupanga: kitanda kitakuwa hapa, meza pale, na jioni lori likirudi ataliona kabla ya mtu yeyote.

Straton alikuja akasimama nyuma yake, karibu kabisa, bila kumgusa.

"Unapapenda?"

"Napapenda," alisema kwa sauti ya chini. "Straton, napapenda sana."

Akageuka ili atoke, na alipoushika mlango aufunge ajaribu bawaba, akaona. Upande wa ndani, kwa urefu wa kifua, mbao ilikuwa na matundu manne madogo yaliyozibwa kwa nta, na kuzunguka matundu hayo rangi ilikuwa mpya kuliko mahali pengine. Palikuwa na komeo hapo. Lilikuwa limeng'olewa.

"Papa Édouard," aliita kwa heshima, "huku ndani mutu anafunga na nini?"

Mwenye nyumba alikuwa barazani na Verdiane. Alikuja taratibu, mkono mmoja mfukoni, na mfukoni humo funguo ziligongana.

"Ah, komeo. Nilitoa mu vyumba vyote. Kulikuwa mama moja hapa, aligonjwa ndani, amejifungia. Tulivunja mulango. Sasa kila mutu ana funguo yake, na miye niko na ya kwangu, ju ya hatari. Ni muzuri kwenu, mama. Siye tunaishi hapa kama familia moja."

"Ni akili," alisema Verdiane.

Papa Édouard alimtazama Emérita wakati akijibu. Hakumtazama usoni. Macho yake yaliteremka hadi miguuni na kurudi bila haraka, kama mtu anayepima kitambaa dukani. Halafu akatabasamu, akawakaribisha chakula.

Mezani alisali sala ndefu na nzuri. Alimtaja marehemu mume wa Verdiane, ambaye jina lake alikuwa amemuuliza Straton mapema, akamwombea pumziko. Verdiane alijifuta jicho. Emérita alikula kidogo, akaomba ruhusa apeleke sahani jikoni.

Jikoni palikuwa na mpangaji mmoja, mwanamke wa umri wake, akitwanga sombe, majani ya mihogo. Jina lake Adelaïde, mke wa fundi wa kujenga. Aliitika salamu bila kuacha mchi.

"Njo weye bibi wa dereva?"

"Bado. Tumekuja kutazama vyumba."

"Vya kule juu?"

"Ndiyo."

Mchi ulipanda ukashuka, ukapanda ukashuka.

"Dereva anasafiri sana," alisema Adelaïde.

"Ni kazi yake."

"Bwana yangu naye, akipata kazi ya mbali, analalaga kulekule. Siku hizo hiki kinu kinalala mu nyumba. Naweka nyuma ya mulango."

Emérita aliweka sahani chini. "Juu ya nini?"

Adelaïde alimtazama kwa mara ya kwanza. Hapakuwa na huruma machoni mwake, uchovu tu. "Dada, mulango hauna komeo. Kinu ni kizito. Mutu akisukuma, nitaamuka."

"Na bwana yako, ulimwambia?"

"Nilimwambia. Alisema vyumba ni haba Walikale. Alisema labda naota." Akafuta jasho kwa mkono. "Chumba chako kinu hakitapita kwenye ngazi. Constance naye hakukuwa na kinu."

"Constance ni nani?"

"Bibi wa dereva wa mbele, yule wa zamani. Alikaa pale juu. Siku moja bwana yake akarudi, batu bakamwambia bibi wako ni malaya, anafungulia mwenye nyumba. Akamufukuza. Vitu vyake vilitupwa hapa ku lupango, mvua inapiga. Bwana naye, aibu ikamushinda, akaacha kazi."

"Alikuwa anamufungulia kweli?"

"Mulango wa namna ile," alisema Adelaïde, "unafungulia nani?"

Akarudi kwenye sombe yake, na Emérita akajua hatapata neno jingine.

Alimkuta Straton chini mtoni, mahali ambapo madereva huoshea magari. Alikuwa amevua viatu, suruali ameikunja, anamwagia maji magurudumu na kupiga mluzi. Alipomwona akija peke yake, uso ulimng'aa.

"Shangazi anasema nini? Amekubali, si njo vile? Niliona anavyolia mezani. Papa Édouard anajua batu."

"Shangazi amekubali."

"Basi!" Aliacha ndoo, akaja kumshika mikono. Yake ilikuwa baridi kwa maji ya mto. "Emérita, mbona uko hivyo?"

"Nataka kitu kimoja. Kidogo sana. Ununue komeo leo. Uliweke weye mwenyewe, kwa mikono yako, mbele ya Papa Édouard."

Mikono ya Straton ililegea ndani ya yake.

"Komeo ya nini? Alikueleza. Ni ju ya hatari."

"Nimesikia. Miye nataka yangu."

"Ataona simwamini."

"Unamwamini?"

Straton aligeuka akaangalia mto. Maji ya Lowa yalikuwa mazito, rangi ya chai. "Ni yeye alinitia ku usukani," alisema. "Kuna batu walingojea ile kazi kunipita. Dereva wake anakaa kwake, njo sheria yake. Nikigusa mulango wake, kesho lori ina mwingine, na nikikosa lori baba yako atanipa weye? Fikiri kidogo, mupenzi. Tukae pale tu kwa kuanza. Nitatafuta pengine."

"Constance alikaa pale kwa kuanza?"

Emérita alitarajia aulize: Constance gani? Alimwomba Mungu aulize. Hata kama ni uongo, angalau aseme hajui. Lakini Straton alikuwa msaidizi wa dereva yule, mume wa Constance. Alikula chakula cha mikono ya Constance. Shingo yake ilibadilika rangi.

"Nani alikuambia?"

"Kwa hiyo unajua."

"Najua batu wanasema."

"Sisemi batu. Weye, Straton. Siku vitu vyake vinatupwa, ulikuwa wapi?"

"Nilisaidia kuviteremsha," alisema kwa sauti ambayo Emérita hakuisikia vizuri kwa kelele ya maji. "Nilikuwa musaidizi tu. Ningesema nini?"

"Alikuwa na kosa?"

Straton alifumba macho. "Hakuwa na kosa. Alilia akanishika shati, akasema, Straton, weye unajua. Na nilijua. Nilikuwa ninamuona yule muzee anapita ku baraza."

"Na ukanileta miye mu chumba kilekile."

"Weye hauko kama yeye!" Sasa alikuwa akilia waziwazi. "Constance alikuwa muoga. Weye unabishana hata na baba yako. Nilisema, Emérita ni mugumu, Emérita atamushinda. Nilifikiri ukimukatalia mara moja ataacha."

Emérita alimtazama. Alikuwa yuleyule, nyusi zilezile, mdomo uleule alioutazama kwenye kioo njia nzima, na lililomuuma ni kwamba alimpenda bado. Alitamani kumpangusa machozi. Mkono ulikuwa umekwisha kuinuka, akaushusha.

"Ungekuwa hujui," alisema, "tungetafuta njia pamoja. Ningelala hata chini ya hili lori. Lakini weye ulipanga niwe peke yangu na yeye, halafu ukaniita mugumu."

"Emérita, matangazo yamesomwa."

"Najua. Miye njo nilikuwa nimekaa kanisani, bote wananigeukia."

Alipanda ukingo bila kutazama nyuma. Straton hakumfuata. Emérita alimsikia akiita jina lake mara moja tu. Alitembea polepole kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Verdiane alisikiliza yote akiwa ameketi juu ya kitanda cha wageni, na uso wake ulizeeka akiwa palepale.

"Miye nilitazama manjanja," alisema mwishoni. "Nilitazama choo. Na yule muntu akamutaja bwana yangu marehemu, nikalia kama mutoto." Alipiga paja lake kwa ngumi. Halafu, kwa sauti nyingine, akaanza: "Lakini mwanangu, matangazo... Watu watasema nini? Labda baba yako azungumuze na Straton, watafute..."

"Shangazi. Alijua."

Verdiane akavuta mkoba wake, akaanza kufunga vitu.

Hapakuwa na gari jingine la kurudi Nyabiondo. Walipanda lori lilelile kesho yake, na safari hii Emérita ndiye aliyemwomba shangazi akae katikati. Msitu uliisha, milima ikaanza, baridi ikaingia dirishani. Straton aliendesha kama mtu aliyebeba mayai. Emérita alitazama mashamba ya mihogo na hakuinua macho kwenye kioo hata mara moja, ingawa shingo ilimwuma kwa kujizuia.

Mzee Ndayambaje aliwapokea njiani, juu ya shamba, akiwa na jembe begani. Majirani wawili walisimama kusikiliza.

"Basi?" aliuliza. "Nyumba?"

Verdiane alivuta pumzi. Emérita aliona jinsi habari itakavyotoka, jina la Papa Édouard, jina la Constance, na jina la Straton kati yao, na jinsi majirani watakavyolibeba jina hilo hadi Masisi na hadi Sake. Straton alikuwa bado amesimama karibu na mlango wa lori, kofia mkononi.

"Inavuja, papa," alisema Emérita haraka. "Paa yote inavuja. Shangazi ameona."

Shangazi alimgeukia kwa mshangao, lakini hakukanusha.

"Si nilisema!" alisema mzee, na alifurahi hata hakuficha. "Nitamwambia padri."

Wakati huo tu Emérita alimtazama Straton. Alitegemea kuona uchungu. Alichokiona ni mtu aliyeshusha mzigo. Alikuwa anamshukuru. Aliinamisha kichwa kidogo, akavaa kofia, akapanda lori akaondoka.

Watu wa Nyabiondo walicheka sana. Walisema binti ya Ndayambaje ni wa kujiona, amekataa mwanaume mzima kwa ajili ya matone ya mvua. Wengine walisema ni baba yake aliyekataa. Emérita alilima, akapalilia, akavuna, akawaacha waseme. Verdiane alikuja jioni nyingi kukaa naye bila kuzungumza, na kwa mtu kama Verdiane hilo lilikuwa jambo kubwa.

Baada ya mavuno msichana mmoja alimjia Emérita sokoni, akasimama mbele ya maharagwe yake. Alikuwa mdogo, mwenye uso wa duara na kitambaa kipya kichwani.

"Weye ni dada Emérita? Miye Dancille, wa ng'ambo ya mulima. Straton ameniposa." Alisema kwa aibu, si kwa majivuno. "Niliona si vizuri usikie kwa wengine."

Emérita alihisi soko zima likisogea mbali. Akamvuta msichana pembeni, nyuma ya magunia.

"Atakupeleka wapi?"

"Walikale. Kwa Papa Édouard, vyumba vya juu."

"Dancille, nisikilize kama dada yako. Usikubali kulala pale. Milango haina komeo. Mwenye nyumba ana funguo ya kila chumba, na Straton akisafiri, yule muntu anaingia. Kuna mwanamuke alifukuzwa ju ya hiyo, na hakuwa na kosa. Straton anajua yote."

Msichana alisikiliza hadi mwisho. Hakukasirika. Uso wake ulijaa kitu kibaya kuliko hasira, huruma ya mtu mwenye furaha.

"Dada," alisema taratibu, "si njo weye ulisema nyumba inavuja?"

"Nilisema hivyo kumufunika. Ilikuwa uongo."

"Tulienda na mama kuitazama, siku ya mvua kubwa. Haikudondoka hata tone." Akashika mkono wa Emérita, akauminya kwa upole. "Straton alishaniambia utatafuta neno lingine. Alisema nisikuchukie, kwani umeumia. Sikuchukii."

"Dancille, nunua tu komeo. Usiniamini, lakini nunua komeo."

"Bakia muzuri, dada."

Alijitwika kikapu chake akashika njia ya kilimani, kitambaa kile kipya kikionekana kwa mbali kati ya vichwa vya watu. Emérita alimfuata hadi mwisho wa soko, akamwita kwa jina mara mbili. Wanawake waliokuwa wakiuza mihogo waliinua vichwa, wakatazamana, na mmoja wao akacheka.